Shajara ya mradi: Baba, cherehani na pigo la 68

Siku ya 1, Jumapili

Wiki iliyopita nilimuuliza Baba kama mguu una nafuu. Akasema una nafuu. Mimi niliona uko palepale. Mama, ambaye ndiye anayeshinda naye kutwa, alisema umerudi nyuma. Nafundisha fizikia sekondari, na kitu ambacho watu watatu wanakitazama kisha kila mmoja anasema lake, hicho hakina budi kupimwa. Ndiyo maana naianza shajara hii.

Baba ana miaka 66. Miezi saba iliyopita alipata kiharusi upande wa kulia wa ubongo, na upande wake wa kushoto ukalegea, mkono na mguu. Kauli yake ilibaki, alhamdulillahi. Ni fundi cherehani, hapahapa barazani kwetu Ngamiani, Tanga, na cherehani yake ni ile ya kukanyaga kwa miguu, aliinunua kabla sijazaliwa. Ameshona kanzu za maharusi, mapazia, na sare za shule za watoto ambao leo wana watoto wao. Tangu augue, cherehani imefunikwa kanga ya Mama, na juu yake tunaweka chupa ya chai. Juzi nilimwona ameinua pindo la ile kanga, anatazama kanyagio. Alitazama kwa muda, kisha akalishusha.

Lengo la mradi ni hilo: akae tena kwenye cherehani akanyage. Namba zote nitakazoandika humu zinaelekea huko.

Wazo lenyewe si langu. Mtaalamu wa fiziotherapia tunayemwendea kila baada ya wiki mbili ndiye aliyeniambia nimtembeze Baba kwa pigo la sauti linalojirudia sawasawa. Nikaenda kusoma. Mtafiti Michael Thaut na wenzake walichapisha mwaka 1997 utafiti wa wagonjwa 20 wa kiharusi. Nusu yao walifanya mazoezi ya kawaida ya kutembea, nusu nyingine walitembea wakisikiliza pigo, mara mbili kwa siku kwa wiki 6. Waliotembea kwa pigo walipata kasi kubwa zaidi na hatua ndefu zaidi. Mwaka 2007 wakaja na utafiti mwingine, wagonjwa 78, wiki 3 tu, safari hii wakililinganisha pigo na njia nyingine ya mazoezi inayotumika sana hospitalini. Pigo likatoka mbele tena.

Kilichonishika zaidi ni kanuni yao ya mwanzo. Mgonjwa humwekei pigo unalolitaka wewe. Unapima mwendo wake ulivyo, unaliweka pigo hapohapo alipo, na baadaye ndipo unalipandisha kidogo kidogo.

Siku ya 2

Vipimo vya mwanzo. Tumetoka baada ya sala ya alfajiri, bodaboda hazijaanza kupita. Nimechora chaki barabarani, mita 10, na mita 2 za ziada kila mwisho ili Baba aingie na atoke akiwa tayari kwenye mwendo. Mdogo wangu amesimama kushoto kwake, nusu hatua nyuma, ameshika kanga iliyofungwa kiunoni mwa Baba. Sharti hili halina siku ya mapumziko: hatembei kwa mazoezi bila mtu upande ulio dhaifu.

Mita 10 kwa sekunde 27. Hatua 31. Kasi ni mita 0.37 kwa sekunde, hatua 69 kwa dakika.

Wataalamu wa mwendo wana mipaka wanayoitumia baada ya kiharusi. Chini ya mita 0.4 kwa sekunde, mtu anahesabiwa kuwa wa kutembea ndani ya nyumba tu. Kuanzia 0.4 hadi 0.8 anaweza kutoka kwa kiasi. Akipita 0.8 anajimudu mtaani. Baba yuko chini kidogo ya mpaka wa kwanza, na namba hiyo inaeleza kwa nini msikiti ulioko nyumba ya sita kutoka kwetu amekuwa akiusikia tu.

Mwendo nimeurekodi kwa video ya simu, fremu 30 (yaani picha 30) kwa sekunde, na usiku nikazihesabu moja moja. Kutoka mguu wa kulia kutua hadi wa kushoto kutua, fremu 30. Kutoka wa kushoto hadi wa kulia, fremu 22. Kwamba anachechemea kila mtu anaona. Sasa najua anachechemea kwa fremu 8, zaidi kidogo ya robo ya sekunde. Mguu wa kulia unawahi kutua kwa sababu wa kushoto hauaminiwi kuubeba mwili peke yake.

Siku ya 3

Tumeanza. Pigo 68 kwa dakika, programu ya metronomu (inayolia kwa mwendo sawasawa) kwenye simu, spika ndogo imening'inia shingoni mwa mdogo wangu. Dakika 10 asubuhi, dakika 10 jioni.

Nimetengeneza pia kifaa cha kupigia ukiwa umekaa. Vipande viwili vya mbao, chini ya kila kimoja nimegundisha kidisi cha piezo, kile cha shaba kinachokuwamo ndani ya saa za mezani zinazolia. Nyaya zinaingia kwenye Arduino, kibao kidogo cha elektroniki unachokiandikia programu, na Arduino kwenye kompyuta. Baba anapiga ubao kwa kiganja akifuata pigo, kompyuta inaandika amewahi au amechelewa kwa milisekunde ngapi. Kushoto mapigo 40, kulia mapigo 40.

Siku ya 6

Namba za siku tatu za ubao zimenitia wasiwasi. Mkono wa kushoto unachelewa kwa wastani wa milisekunde 380. Hilo ningelimeza. Lakini wa kulia, ambao ni mzima, nao unachelewa kwa 225. Nikaanza kujiuliza kama kiharusi kiligusa zaidi ya tulivyoambiwa, nikakosa usingizi.

Saa nane za usiku nikaamka nikakaa mwenyewe kwenye ubao. Nikapiga mapigo 40. Nimechelewa kwa 210.

Hapo nikajua tatizo haliko kwa Baba. Mtu mwenye afya akifuata pigo la sawasawa hupiga kabla kidogo ya sauti, makumi ya milisekunde hivi, bila yeye mwenyewe kujua. Ni jambo lililopimwa mara nyingi katika maabara. Kama nami nachelewa kwa 210, basi sauti yenyewe ndiyo inayofika ikiwa imechelewa. Spika ni ya bluetooth! Sauti inafungwa, inarushwa, inafunguliwa, ndipo inasikika, na wakati huo wote saa ya kompyuta imeshaanza kuhesabu.

Siku ya 8

Nimetupa data zote za ubao. Baza, kidude kidogo kinacholia, imeunganishwa kwa waya moja kwa moja kwenye Arduino ileile inayopima. Sauti na kipimo sasa vinafuata saa ileile ya ndani ya Arduino.

Mimi: nawahi kwa 30. Baba mkono wa kulia: anawahi kwa 15. Mkono wa kushoto: anachelewa kwa 140.

Ukilinganisha na namba za zamani, tofauti ni 240 kwa wote watatu. Ile spika ilikuwa inachelewesha kwa 240. Nawaandikia hili kwa herufi nene wanaotaka kujenga kifaa kama hiki: usipime wakati kwa kitu cha bluetooth. Kwa kutembea tu haina madhara, kwa kuwa ucheleweshaji ni uleule kila pigo na mguu unafuata kinachosikika. Kwa kupima, utamhesabu kuwa mgonjwa mtu asiye mgonjwa.

Siku ya 9

Presha 172 kwa 100 asubuhi. Hakuna mazoezi, tumekwenda zahanati.

Siku ya 12

Presha imetulia, daktari amebadilisha dozi. Tumerudi kwenye 68.

Leo Mama aliniuliza swali zuri wakati anachambua mchele. "Mguu umelala kwa sababu ubongo umeumia. Sasa sikio linahusika vipi?"

Nilimjibu hivi. Mwaka 2007 Jessica Grahn na Matthew Brett waliwalaza watu wazima ndani ya mashine ya MRI inayopiga picha za ubongo, wakawasikilizisha midundo. Wakati wa kusikiliza watu wale walikuwa wamelala kimya, hawaufuatishi mdundo hata kwa kidole. Lakini sehemu za ubongo zinazopanga mwendo ziliwaka, zikiwamo zile za ndani kabisa ziitwazo basali ganglia, na serebelamu, ule ubongo mdogo ulioko kisogoni. Maana yake sikio na mguu vinaongea muda wote, hata mtu akiwa ametulia tuli. Njia inayopeleka amri ya "inua mguu" kwa Baba imekatika sehemu. Pigo linaingia kwa mlango mwingine.

Mama akasema, "Kumbe ndiyo maana ukipita kwenye ngoma bega linacheza lenyewe." Sikuwa na la kuongeza.

Mdogo wangu aliuliza kwa nini tusitumie taa inayowaka na kuzima, kelele zipungue ndani ya nyumba. Tukajaribu. Kwa taa, mapigo ya Baba yalitawanyika ovyo, hata kwa mkono mzima, na yangu pia. Jicho ni hodari kwa mahali kitu kilipo, kwa wakati linashindwa na sikio vibaya sana. Taa tumeiweka kando.

Siku ya 15

Leo Baba amenifundisha kitu.

Nilikuwa nimepunguza pigo la ubao hadi 54 kwa dakika. Nilisoma kwamba mfumo wa Kimarekani uitwao Interactive Metronome, ambao unauzwa tangu miaka ya 1990 kwa mazoezi ya aina hii, hutumia kasi hiyo, nikataka kuona. Baba alipiga mara kumi akasimama. Mkono wa kushoto umeteleza hadi kuchelewa kwa 190.

"Hii yako inanishtua," akasema. "Inakaa kimya, halafu ghafla, ti. Dufu halifanyi hivyo. Dufu linakuambia kuwa linakuja."

Ujanani Baba alikuwa akipiga dufu kwenye maulidi. Akauweka mkono wa kulia kwenye meza akanionyesha: dumu, halafu vidole vinagusa kidogo, ta-ka, kisha dumu tena. Ule mguso mdogo wa katikati ndio unaoubeba mkono hadi kwenye dumu linalofuata. Ukiutoa, mpigaji anabaki kukisia.

Niliongeza mstari mmoja kwenye programu: baza itoe sauti kubwa kwenye pigo, na sauti ndogo, nyembamba, nusu ya njia. Kasi ileile ya 54. Mkono wa kushoto ukatoka 190 hadi 120, na mtawanyiko ukapungua kwa kuonekana. Baadaye nikakuta kwamba maabara nazo zinajua hili: kipindi kirefu kikigawanywa katikati, kosa la mpigaji hupungua. Baba hakulisoma popote.

Kuanzia leo pigo letu lote lina mguso wa katikati, la kukaa na la kutembea.

Siku ya 17

Pigo la kutembea limepanda kutoka 68 hadi 72. Ameenda nalo vizuri. Jioni alichoka mapema.

Siku ya 19

Nimekosea, na naandika kosa langu lilivyo.

Kwa kuwa 72 ilikuwa rahisi, niliruka hadi 80. Nilijiambia ni majaribio ya dakika moja. Kwenye hatua ya saba hivi, ncha ya kiatu cha kushoto ilikwaruza lami. Nilisikia ule mkwaruzo, nikawaza nizime, na kabla kidole hakijafika kwenye simu Baba alikuwa ameshainamia mbele. Mdogo wangu alivuta kanga. Goti la Baba liligusa chini, ngozi ikachunika, basi. Ingeweza kuwa nyonga.

Kutoka 72 hadi 80 ni asilimia 11 kwa mara moja. Kiwango nilichokisoma ni asilimia 5 hadi 10, tena baada ya mwendo wa kwanza kutulia. Na yeye alikuwa na siku mbili tu kwenye 72. Mguu wake haukuwa na muda wa kunyanyuka kabla pigo halijaudai.

Baba hakunikemea. Alisema tu, "Mwanangu, hata uzi mpya huanzi na kushona mbio." Mama alinikemea kwa wote wawili, na alikuwa na haki.

Kanuni mpya, imebandikwa ukutani: tunapandisha mapigo 3 au 4 tu, na hatupandishi kabla video haijaonyesha siku tano mfululizo ambazo tofauti ya kushoto na kulia haijaongezeka.

Siku ya 24

Pigo 72. Fremu 27 na 23. Pengo limetoka 8 hadi 4.

Jirani amekuja na mjukuu wake, mtoto wa darasa la tatu, walimu wanasema hatulii darasani. Amesikia tuna "mashine ya ubongo". Anataka mtoto apigishwe.

Nilimkaribisha, mtoto akapiga ubao kwa furaha nyingi. Lakini nilimweleza bibi yake ninachokijua. Upo utafiti wa mwaka 2001 wa wavulana 56 wa miaka 6 hadi 12 wenye shida ya umakini, baadhi yao wakafunzwa kwa Interactive Metronome, na waliofunzwa hivyo walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao katika vipimo kadhaa vya umakini na mwendo. Mmoja wa waandishi wa utafiti huo ni James Cassily, mwenyewe aliyeubuni mfumo huo. Hilo halimfanyi mtu kuwa mwongo, ila linamfanya msomaji asubiri wengine wapime. Mtoto asiyetulia huenda hasikii vizuri, au haoni ubaoni, au halali usiku. Nilimwomba aanze kwa kumpima masikio na macho. Aliondoka hajaridhika, naona, lakini nisingeweza kumpa tumaini ambalo mimi mwenyewe sina mkononi.

Naandika haya kwa sababu ujumbe wa namna hii unazidi kunijia. Ninachokifanya hapa ni mguu wa mtu mmoja baada ya kiharusi, na kwa mguu baada ya kiharusi ushahidi wa pigo ni mzuri. Kwa kumbukumbu sina la kuahidi. Baba bado anasahau alipoweka miwani, kama siku ya 1. Kitu kimoja nje ya mguu ambacho nimekiona: mwanzoni alikuwa akipotea kwenye ubao baada ya dakika 4 au 5, anaanza kutazama mlangoni. Sasa anamaliza dakika 12. Huenda ni pigo, huenda ni mwili kupata nguvu tu. Na bado anaendelea na fiziotherapia yake ileile, kwa hiyo hata nafuu ya mguu siwezi kuikabidhi yote kwa baza.

Siku ya 31

Pigo 75.

Mkono wa kushoto umewahi kwa milisekunde 12. Umewahi!

Naomba nieleze kwa nini nilisimama nikazunguka chumba. Wiki tatu zilizopita mkono huu ulikuwa kama unasubiri sauti isikike, ndipo unaanza safari, unafika umechelewa kwa 140. Huko ni kuitikia. Mtu anayeitikia hawezi kushinda muda ambao sauti inachukua kuingia na amri inachukua kushuka hadi mkononi. Ili ufike pamoja na sauti, sharti uwe umeondoka kabla haijalia. Ubongo unakuwa umelijua pigo lijalo kabla halijaja. Kwa hiyo namba ile ilipovuka sifuri kutoka kuchelewa kwenda kuwahi, haikuwa nafuu ya kasi peke yake, ilikuwa kazi ya namna nyingine.

Nikaenda kutafuta kitu hichohicho kwenye mwendo. Jioni nilimwacha Baba atembee, nikatazama macho yake badala ya mguu. Tangu augue anatembea ameinamisha kichwa, anausimamia mguu wa kushoto kama mtu anayemvusha mtoto barabara. Leo, baada ya mstari wa pili wa chaki, kichwa kiliinuka. Alimwona mzee mwenzake kwenye baraza ya pili, akamwinulia mkono, akamsalimu, na mguu wa kushoto ukatua kwenye pigo bila kutazamwa. Hatua tatu, nne. Kisha akakumbuka kutazama chini, na papo hapo akachechemea.

Siku ya 38

Pigo 79. Umeme umekatika siku mbili, tumetumia betri ya akiba.

Siku ya 44

Sasa nauliza swali lililokuwa likinisumbua tangu mwanzo: sauti ikiondoka, nini kinabaki? Mtu hawezi kuishi na baza shingoni.

Nimeandika programu inayopiga mapigo 16 kisha inanyamaza kwa muda wa mapigo 8, halafu inarudi, na huku ndani saa inaendelea kuhesabu kimya kimya. Sauti inaporudi unaona kama bado yuko mahali pake.

Jana, kwenye kimya, hatua tatu za kwanza zilikuwa nzuri, ya nne ikarefuka, ya tano kuchechemea kukarudi, na sauti iliporudi alikuwa nyuma karibu nusu pigo. Leo asubuhi alifika hatua ya sita. Leo jioni nilisikia kitu kwenye kimya, nikamsogelea. Anahesabu kwa mdomo? La. Anapiga dufu kwa ulimi, chinichini, dumu-taka, dumu-taka. Sauti iliporudi ilimkuta palepale.

Siku ya 50

Kanga ya Mama imeondolewa juu ya cherehani. Chupa ya chai imehamia mezani.

Hatujashona. Nimevua mkanda unaounganisha gurudumu kubwa la chini na lile dogo la juu, ili miguu ifanye kazi bila sindano kutembea. Baba amekaa, ameweka miguu yote miwili kwenye kanyagio, kulia nyuma kidogo, kushoto mbele, kama zamani. Akasukuma.

Ambaye hajawahi kukanyaga cherehani anadhani ni kusukuma tu. Kanyagio linapanda na kushuka, na juu kabisa na chini kabisa kuna mahali ambapo gurudumu halijaamua liende wapi. Mguu ukiwa na wakati mzuri, gurudumu linapita pale na kuendelea mbele. Mguu ukichelewa kidogo tu, gurudumu linarudi nyuma, na kama kuna uzi, uzi unajisokota chini ya kitambaa na kukatika. Mwanafunzi yeyote wa cherehani hupoteza wiki za kwanza hapo.

Gurudumu la Baba lilirudi nyuma mara tisa. Nikataka kumwekea pigo 79, kasi ya mwendo wake, akakataa. "Kanyagio halisukumwi. Linasindikizwa. Weka la polepole." Kanuni ya kwanza ya utafiti wote, aliye nayo ni yeye: anza pale mguu ulipo. Nikashuka hadi 50, pamoja na mguso wa katikati. Kwenye jaribio la kumi na mbili gurudumu lilizunguka mara 14 mfululizo bila kurudi. Alisimama mwenyewe, hakusimamishwa na mguu.

Siku ya 56

Vipimo vya mwisho wa wiki ya 8, chaki zilezile, saa ileile, bila sauti yoyote.

Mita 10: sekunde 18. Hatua 25. Kasi mita 0.56 kwa sekunde, hatua 83 kwa dakika. Fremu 23 na 20. Hatua imerefuka kutoka sentimita 32 hadi 40.

Nimezirudia mara tatu kabla ya kuziandika. Ijumaa alikwenda msikitini kwa miguu, mdogo wangu kando yake.

Siku ya 58

Mkanda umerudishwa. Kipande cha shuka kuukuu jeupe, uzi mweusi, kwa kuwa ndio uliokuwamo kwenye bobini tangu siku ya kiharusi. Pigo 56, baza juu ya meza ya cherehani.

Mkono wa kulia ukaanzisha gurudumu, wa kushoto ukalala juu ya kitambaa kukiongoza. Vidole viwili vya kushoto bado havinyooki vizuri, kwa hiyo kitambaa kinavutwa kidogo upande. Uzi ulikatika mara mbili, mara zote mwanzoni, gurudumu liliporudi. Mara ya tatu sindano iliingia kazini na ile sauti ya cherehani ikajaa barazani. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Hakusema kitu.

Upindo wa sentimita 40. Umekwenda upande, na katikati kuna mahali mishono imesongamana. Baba aliuinua kwenye mwanga, akauvuta, akaugeuza nyuma. Kisha akaomba wembe akaanza kuufumua, mshono mmoja mmoja.

Nikamwambia nitamletea uzi mweupe kesho, kwenye shuka jeupe kasoro hazitaonekana sana.

"Uache huohuo mweusi," akasema. "Nataka nione ninapochelewa."

Wiki ya 9: kanyagio 56, kimya cha mapigo 4 baada ya kila 16. Kutembea 83, asubuhi tu. Mtaalamu wa fiziotherapia Jumanne, nimwonyeshe vile vidole viwili. Kununua: mkanda mpya, huu una ufa.